Kwa Nini Walimlilia Bibi Kizee?

Katika jamii zetu mwanamume mtu mzima halii hadharani. Akifiwa atajikaza, atazunguka nyuma ya nyumba, na atarudi akiwa amekwisha kunawa uso. Lakini Jumapili ya tarehe 18 Mei 2025, katika jiji la Liverpool nchini Uingereza, wanaume wengi, wazee kwa vijana, walitokwa na machozi mbele ya kamera za televisheni wala hawakuona haya. Hapakuwa na jeneza. Timu yao ilikuwa imeshinda mabao 2–0. Kilichowaliza ni uwanja.

Uwanja huo ni Goodison Park, makao ya klabu ya Everton tangu mwaka 1892. Washabiki wake wamezoea kuuita kwa jina la heshima na mapenzi, Bibi Kizee. Siku hiyo timu ya wanaume ilicheza hapo mechi yake ya mwisho, dhidi ya Southampton, na mabao yote mawili yalifungwa na Iliman Ndiaye, mchezaji wa timu ya taifa ya Senegal. Baada ya kipenga cha mwisho watu hawakutaka kutoka. Walikaa kwenye viti vyao, wakatazama nyasi, wakapiga picha, wakakumbatiana.

Mpenzi msomaji, huenda unajiuliza jarida la familia lina shughuli gani na viwanja vya mpira. Lina shughuli, tena kubwa. Nyumba zetu zimejaa washabiki, na siku hizi baadhi yao ni akina mama na mabinti. Zaidi ya hapo, wengi wetu tumepitia au tutapitia jambo la namna hii. Kanisa la zamani linabomolewa ili lijengwe jipya. Shule tuliyosoma inahamishwa. Nyumba ya wazazi kijijini inauzwa. Wapo wanaolia, na wapo wanaowacheka wanaolia. Mimi ni muuguzi, na kazi hii imenifundisha kutomcheka mtu anayelia kabla sijajua anacholilia.

KLABU ILIYOZALIWA KANISANI

Historia ya Everton huanzia kanisani. Mwaka 1878 vijana wa kanisa la Kimethodisti la St Domingo, ambao wakati wa kiangazi walicheza kriketi, walitafuta mchezo wa kuwashughulisha majira ya baridi. Wakaanzisha timu ya kandanda. Mwaka uliofuata timu ilibadili jina na kuitwa Everton, jina la eneo lao, kwa sababu watu wasiokuwa wa kanisa hilo nao walitaka kujiunga.

Kwa miaka kadhaa walicheza Anfield, uwanja ambao leo ni wa mahasimu wao, Liverpool. Kisha ukazuka ugomvi wa kodi kati ya klabu na John Houlding, mfanyabiashara wa pombe aliyekuwa na mamlaka juu ya uwanja huo. Aliyewaongoza waliompinga ni George Mahon, mpiga kinanda wa kanisa. Mwaka 1892 Mahon na wenzake waliondoka wakapata kiwanja upande wa pili wa bustani ya Stanley Park. Fedha zilikuwa chache. Daktari mmoja wa jiji hilo, James Baxter, aliikopesha klabu pauni 1,000 bila riba. Houlding akabaki na uwanja usio na timu, naye akaanzisha timu yake mpya, ndiyo Liverpool ya leo. Ndiyo maana watu wa jiji hilo husema klabu hizi mbili ni ndugu, hata zinapogombana.

Goodison ulifunguliwa tarehe 24 Agosti 1892, ukiwa mojawapo ya viwanja vya kwanza duniani vilivyojengwa mahsusi kwa ajili ya soka. Tangu hapo ulishuhudia mengi. Mwaka 1913 Mfalme George wa Tano na Malkia Mary waliutembelea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ulipigwa bomu. Mwaka 1966 ulichezewa mechi tano za Kombe la Dunia. Katika mojawapo, Ureno ilikuwa nyuma kwa mabao 3–0 dhidi ya Korea Kaskazini, ikashinda 5–3. Manne kati ya mabao hayo matano yalifungwa na Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji.

LUKA TABIBU PEMBENI MWA UWANJA

Kitu kinachonivutia zaidi katika uwanja huo si kombe wala mfalme. Ni kanisa. Kwenye pembe moja, kati ya jukwaa na jukwaa, limesimama kanisa la Anglikana la Mtakatifu Luka. Limebanana na uwanja kiasi kwamba kwa miaka mingi watazamaji wa televisheni wamekuwa wakiliona nyuma ya majukwaa wakati mpira ukiendelea. Iliwahi kuwezekana kupanda juu ya paa lake na kuangalia mechi bila tiketi, mpaka klabu ikaweka kizuizi.

Sisi wauguzi tunampenda Luka kwa sababu Biblia inamtaja kuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Na kanisa hilo lilifanya kazi inayolingana na jina lake. Siku za mechi ukumbi wake ulifunguliwa. Watu waliingia kupasha mwili joto, kunywa chai, kula kitu kidogo na kutazama maonyesho ya picha na kumbukumbu za klabu. Mtu aliyekuja peke yake alipata wa kuzungumza naye. Ninyi mnaojitolea makanisani mnajua kazi hiyo: kuamka mapema, kubeba mabirika, kuosha vikombe wakati wenzenu wanashangilia. Hakuna anayeandika majina ya waosha vikombe katika vitabu vya historia ya soka, lakini uwanja haukuweza kuwa nyumba ya watu bila wao.

WANALILIA NINI HASA?

Ukiwasikiliza washabiki wakisimulia habari za Goodison, ni nadra uwasikie wakisifu chuma na saruji. Wanasimulia ngazi walizopanda wakiwa wameshikwa mkono na baba. Wanasimulia viti vya mbao vilivyokuwa vikipiga kelele watu wote wanaposimama kwa pamoja, na sakafu ya mbao iliyotikisika chini ya miguu. Wanasimulia nguzo iliyowaziba wasione goli, wakalazimika kuinama kulia na kushoto kwa dakika 90, na sasa nguzo hiyo hiyo wanaililia.

Wanasimulia pia peremende. Everton ilipewa jina la utani la “Tofi”, kutokana na maduka ya tofi yaliyokuwa karibu na uwanja zamani. Ikawa desturi kwamba kabla ya mechi mwanamke aliyevaa mavazi ya kale huzunguka uwanja akiwarushia watazamaji peremende. Mtoto aliyeidaka moja hakuisahau. Baadaye akawa baba au mama, naye akamleta mwanawe akiwa na matumaini kwamba atadaka yake.

Lipo jambo zito zaidi ya hayo. Nchini Uingereza watu wengi huchoma miili ya marehemu wao, kisha familia hukabidhiwa majivu. Familia nyingi za washabiki wa Everton ziliomba majivu ya wapendwa wao yazikwe Goodison, kando ya uwanja wa kuchezea. Wamezikwa hapo zaidi ya watu 800. Mwaka 2004 klabu ililazimika kukataa maombi mapya kwa sababu nafasi ilikwisha. Hebu fikiri, mama. Kwa familia hizo mechi ya kila wiki mbili ilikuwa pia ziara ya makaburini. Mjane alikuja kutazama mpira akiwa amekaa karibu na mumewe.

Hata mfungaji wao mkuu kuliko wote alifia mahali hapo. Dixie Dean ndiye aliyefunga mabao 60 ya ligi katika msimu wa 1927–28, na bao la 60 alilifunga Goodison katika mechi dhidi ya Arsenal. Tarehe 1 Machi 1980, akiwa na umri wa miaka 73, alikwenda huko kuangalia Everton ikicheza na Liverpool. Moyo wake ulisimama akiwa uwanjani.

Basi anayesema “ni uwanja tu” hajaelewa. Mahali huwa kama chungu: tunachokipenda si udongo bali chakula kilichopikwa ndani yake, lakini chungu kikivunjika, mkono hubaki ukitafuta pa kupakulia.

Katika uuguzi tunaliona hili kwa wazee. Mzee anayehamishwa ghafula kutoka nyumba aliyoishi miaka 40 anaweza kukosa usingizi, kukataa chakula na kuchanganyikiwa, hata kama nyumba mpya ina maji ya bomba na umeme. Kwa upande mwingine, mzee ambaye akili imeanza kupotea, asiyekumbuka amekula nini asubuhi, anaweza kukutajia kikosi kizima cha timu ya ujana wake, kuanzia golikipa mpaka winga wa kushoto. Kumbukumbu za zamani hudumu kuliko za jana. Ndiyo maana taasisi ya huduma kwa jamii ya klabu ya Everton, iliyoanzishwa mwaka 1988, ina mpango wa kuwakusanya wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu pamoja na wanaowatunza, wakazungumze habari za zamani. Huko Scotland nako, tangu mwaka 2009, picha za soka za zamani zimekuwa zikitumiwa kuwazungumzisha wazee wa namna hiyo. Mtu aliyekaa kimya wiki nzima huona picha ya uwanja, akanyoosha kidole, akaanza kusema. Kutamani ya zamani kuna kazi yake mwilini na moyoni.

KUMBUKUMBU INAVYOFUTA MAUMIVU

Hata hivyo, si haki kusifu ya kale bila kusema ukweli wake. Mama akishamkumbatia mtoto husahau uchungu wa kuzaa, na mshabiki wa mpira hali kadhalika. Anakumbuka nyimbo, anasahau msongamano.

Tarehe 18 Septemba 1948 watu 78,299 waliingia Goodison kutazama Everton na Liverpool. Miaka ya mwisho uwanja huo huo uliruhusiwa kuingiza watu wapatao 39,000 tu. Ule ukubwa wa zamani ulitoka wapi? Watu walisimama. Walipangwa kwenye ngazi za saruji bega kwa bega, kifua kwa mgongo. Washabiki wazee husimulia kwa raha jinsi umati ulivyokuwa ukiwabeba kama wimbi. Muuguzi akisikia hivyo, damu humsisimka. Katika msongamano mkubwa watu wengi hawafi kwa kukanyagwa. Hufa wakiwa wamesimama, kwa sababu kifua kimebanwa na hakiwezi kupanuka kuvuta hewa. Dakika chache zinatosha.

Mwaka 1946, mjini Bolton, si mbali na Liverpool, watu 33 walikufa hivyo. Na tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, washabiki wa Liverpool walibanwa kwenye eneo la kusimama lililozungushiwa uzio. Waliopoteza maisha ni 97, na wa mwisho wao alifariki mwaka 2021 kutokana na majeraha ya siku ile. Kwa miaka mingi familia zilivumilia kuambiwa kwamba washabiki wenyewe ndio waliosababisha maafa. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilitamka kwamba watu hao waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba washabiki hawakuwa na kosa. Akina mama wa Liverpool walikuwa mstari wa mbele katika kudai ukweli huo kwa miaka 27.

Siku zile za msiba wa 1989 watu wa Everton hawakukaa kando. Washabiki wa timu zote mbili walifunga skafu moja kwa nyingine, nyekundu kwa bluu, kupitia bustani ya Stanley Park, mpaka Anfield na Goodison vikaunganishwa. Mechi ya kwanza ya ligi ambayo Liverpool ilicheza baada ya maafa ilichezwa Goodison, katika nyumba ya ndugu yao.

Baada ya Hillsborough, Jaji Taylor alitoa ripoti mwaka 1990, na viwanja vya ngazi ya juu Uingereza vikaagizwa kuweka viti kwa kila mtazamaji. Wapo walionung’unika kwamba raha imekwisha. Tiketi nazo zikapanda bei, na hilo ni lalamiko la haki, kwa maana usalama usiwe kisingizio cha kumfungia nje maskini. Lakini mzazi anayemwaga mtoto wake asubuhi ana haki ya kumpokea jioni akiwa mzima. Nguzo zinazoziba macho, sakafu za mbao, njia nyembamba na vyoo vichache, hasa vya wanawake, ni mambo ya kukumbukwa kwa kicheko. Si mambo ya kurithishwa.

MABINTI WALIOFUKUZWA

Sasa nifike kwenye sehemu ya habari hii ambayo imenifanya nishike kalamu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanaume wakiwa vitani, wanawake wa Uingereza waliingia viwandani kutengeneza silaha. Katika kiwanda cha Dick, Kerr mjini Preston wasichana walianza kucheza kandanda wakati wa mapumziko. Wakawa timu, na timu ikawa maarufu. Tarehe 26 Desemba 1920 walicheza Goodison Park dhidi ya wanawake wa St Helens. Waliokuja kuwatazama walikuwa wapatao 53,000, na maelfu wengine walibaki nje kwa kukosa nafasi. Mapato yalizidi pauni 3,000, nayo yalikwenda kuwasaidia askari wa zamani waliokuwa hawana kazi.

Mtu angetegemea wapongezwe. Haikuwa hivyo. Tarehe 5 Desemba 1921, hata mwaka mmoja haujatimia, chama cha soka cha Uingereza kilizipiga marufuku klabu zake zisiwape wanawake viwanja. Kilitamka kwamba mchezo huo haufai kwa wanawake, na kikatilia shaka namna fedha za misaada zilivyotumiwa. Baadhi ya madaktari walikubaliana nacho wakisema mwili wa mwanamke utadhurika. Kama muuguzi naweza kusema kwamba mwili uliobeba mimba, ukabeba maji kichwani na mtoto mgongoni, hauvunjiki kwa kupiga mpira. Marufuku hiyo ilidumu takribani miaka 50, mpaka ilipoondolewa kabisa mwaka 1971. Vizazi viwili vya wasichana vikakosa mahali pa kuchezea.

Tukirudi Goodison: mpango wa awali ulikuwa kwamba timu ya wanaume ikishahama, Bibi Kizee abomolewe, na mahali pake pajengwe nyumba, maduka, huduma za afya na bustani. Lakini mwezi Mei 2025, siku chache kabla ya mechi ile ya machozi, wamiliki wapya wa klabu walitangaza uamuzi mwingine. Uwanja hautabomolewa. Utakuwa makao ya kudumu ya timu ya wanawake ya Everton. Timu hiyo ilikuwa ikichezea Walton Hall Park, uwanja mdogo unaoingiza watu wapatao 2,200. Mwezi Septemba 2025 wanawake hao walianza kucheza mechi zao za ligi Goodison.

Hebu liangalie jambo hili kwa utulivu. Mahali ambapo mwaka 1920 mabinti waliwakusanya watu 53,000, kisha wakafungiwa mlango, ndipo leo walipokabidhiwa ufunguo. Wale zaidi ya 800 waliolala kando ya nyasi hawakuhamishwa. Mjane anaweza bado kwenda kukaa karibu na mumewe na kutazama mpira. Mara nyingi tunadhani kuna njia mbili tu kwa kitu cha kale: kukishikilia mpaka kituangukie, au kukivunja na kukisahau. Iliyotumika hapa ni ya tatu: kukitengeneza, kisha kumpa yule ambaye hakuwahi kupewa.

WALIOBAKI MTAANI

Timu ya wanaume sasa inacheza katika uwanja mpya ulio ukingoni mwa mto Mersey, kwenye gati la zamani la Bramley-Moore. Unaingiza watu zaidi ya 52,000. Mechi yake ya kwanza ya ligi ilichezwa tarehe 24 Agosti 2025, tarehe ile ile ambayo Goodison ulifunguliwa miaka 133 iliyotangulia, na Everton iliifunga Brighton 2–0. Walioingia wanasema wanaona vizuri na wanakaa vizuri.

Lakini kila kipya kina gharama yake. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiondoa bandari ya kale ya Liverpool katika orodha ya urithi wa dunia, na ujenzi wa uwanja huo ulikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa. Na mtaa wa Walton, uliouzunguka uwanja wa zamani, ulikuwa umezoea siku ya mechi kama soko linavyozoea siku ya gulio. Wenye mikahawa ya chipsi na samaki, wauza skafu, wenye nyumba za kulala wageni na wenye maduka madogo walipata riziki yao hapo. Watu 39,000 wanapohama, riziki huhama nao. Timu ya wanawake inaleta watu, lakini bado si wengi kama wale. Hili ndilo jaribio litakaloonyesha kama upendo kwa Bibi Kizee ulikuwa wa kweli. Kulia siku ya kuaga ni rahisi kuliko kurudi baadaye kununua tiketi ya mechi ya mabinti na kunywa chai kwa jirani aliyebaki.

HATA KWETU YAPO

Washabiki wa Afrika Mashariki si wageni wa habari hii. Mwezi Julai 2017 Everton ilikuja Dar es Salaam na kucheza na Gor Mahia ya Kenya katika Uwanja wa Taifa, ambao sasa unaitwa Benjamin Mkapa. Everton ilishinda 2–1, na Wayne Rooney, aliyekuwa amerejea klabuni kwake, alifunga bao moja. Mwezi Novemba 2018 Gor Mahia nao walikwenda Goodison. Walifungwa 4–0, lakini walikanyaga nyasi alizokanyaga Eusébio.

Na karibu kabisa na uwanja huo wa Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, umesimama Uwanja wa Uhuru, mahali ambapo bendera ya Tanganyika ilipandishwa mwaka 1961. Wenyeji wanauita Shamba la Bibi. Angalia jinsi watu walio mbali hivyo walivyofikiri sawasawa: wao wana Bibi Kizee, sisi tuna Shamba la Bibi. Kumbe mahali panapotulea sote tunapapa jina la nyanya.

TUFANYE NINI TUNAPOAGA MAHALI?

Iwe ni uwanja, kanisa, shule au nyumba ya familia, yapo mambo machache ambayo naona yanasaidia.

Kwanza, msimkatize anayelia. Mume akikaa kimya kwa sababu uwanja wa ujana wake unavunjwa, usimwambie ajikaze. Muulize ni nani aliyempeleka huko mara ya kwanza. Utasikia habari za baba mkwe wako ambazo hujapata kuzisikia.

Pili, kusanyeni masimulizi mapema. Wazee wanaokumbuka hawatakaa milele. Mpeni kijana daftari au simu arekodi sauti zao. Kwenye kila picha ya zamani andikeni nyuma majina, mahali na mwaka. Picha isiyo na majina ni yatima.

Tatu, agarini kwa utaratibu. Watu wa Everton walipewa siku yao, nyimbo zao na nafasi ya kukaa hadi waridhike. Kuamka asubuhi na kukuta tingatinga limekwisha kubomoa, bila kuambiwa, huacha kidonda kisichofunga. Kamati za ujenzi za makanisa yetu zilizingatie hili.

Nne, semeni ukweli wote. Watoto waambiwe raha ya zamani, waambiwe na hatari yake. Jengo lililochakaa, waya wa umeme ulio wazi, mlango mmoja wa kutokea, hivyo si vya kulilia.

Tano, ulizeni nani hajawahi kupewa nafasi. Kabla ya kuvunja ukumbi wa zamani, tazameni kama hakuna kikundi cha wajane, chekechea au timu ya wasichana inayokaa chini ya mwembe kwa kukosa paa.

Sita, wakumbukeni majirani mnaowaacha. Mama aliyewauzia maandazi nje ya geti kwa miaka 20 naye amefiwa. Mpeni taarifa mapema ajipange, na ikiwezekana mtafutieni nafasi mahali papya.

Wasichana wanaovaa njumu zao leo katika vyumba vya Goodison wengi wao hawakumwona Dixie Dean, wala hawakubanwa kwenye ngazi za mwaka 1948. Wana kumbukumbu zao za kutengeneza. Miaka 40 kutoka sasa kutakuwa na mama wa makamo atakayemshika binti yake mkono, ampandishe ngazi zile, amwonyeshe kiti, na kumwambia: hapa ndipo nilipokaa na bibi yako. Siku hiyo Bibi Kizee atakuwa amepata wajukuu wengine.